KIBABA KIWEKWE WAPI?

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka mjini Nyeri, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme nanyi juu ya akiba, yaani ile fedha ambayo mtu wa kawaida aweza kuiweka kando baada ya kula, kulipa karo na kununua sabuni. Tulipopokea agizo hilo tulicheka kidogo moyoni, kwa maana mshahara wa karani wajulikana na kila mtu katika ukumbi huu, na hakuna atakayedhani kwamba amesimama tajiri kuwafundisha maskini. Lakini kazi yetu ni kuandika hesabu, na mtu aandikaye hesabu za wengine kwa miaka mingi huyaona mambo ambayo pengine mwenye fedha mwenyewe hayaoni.

Iko sababu ya pili. Wanachama watakumbuka kwamba katika mkutano uliopita ndugu zetu watatu waliomba akiba ya Chama, ile ya mazishi na karo, itolewe benki ipelekwe kwa wakala mmoja anayeahidi faida ya asilimia 20 kila mwezi. Jambo hilo liliahirishwa hadi leo. Halmashauri haikutaka lipigiwe kura kabla ya kuelezwa, nasi tumeombwa tulieleze bila kumvunjia mtu heshima. Tutajaribu.

Tangu utoto twaambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna anayeikana methali hiyo. Mwenye kibanda sokoni Karatina akitenga shilingi 50 kila siku, siku sita kwa juma, atapata shilingi 300 kwa juma, na shilingi 15,600 kwa mwaka. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Lakini wazee walioitunga methali hawakutuambia kibaba chenyewe kiwekwe wapi, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Kwa kadiri tulivyoona katika madaftari, walio wengi hawakushindwa kuweka akiba. Waliiweka, kisha ikawatoka mikononi.

Basi yafaa kwanza tuangalie jinsi fedha inavyoingia katika nyumba zetu. Mwalimu hupokea mwisho wa mwezi. Mwuza viazi hupokea leo na kesho. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani aliyopeleka, kisha mara moja kwa mwaka huja yale malipo makubwa tunayoyaita bonasi. Mkulima wa kahawa ndiye mwenye subira kuliko wote, kwa kuwa huweza kupalilia, kunyunyiza dawa na kuchuma, halafu akangoja miezi mingi kabla ya kuona senti. Fedha ya namna hii haifanani na maji ya mfereji. Ni kama mvua ya masika: huja kwa nguvu, na asiyekuwa na tangi huitazama ikipita kwenda mtoni.

Aliyewahi kufika Othaya majuma ya bonasi ajua tusemalo. Maduka hujaa magodoro na redio, wauza mbuzi hupandisha bei, na hata jamaa aliyepotea tangu mwaka jana huonekana njiani akiulizia hali ya afya zetu. Si dhambi kununua godoro. Lakini tumewaandikia barua za kuomba mkopo wa karo, mwezi wa Januari, watu wale wale tuliowaona mwezi wa Oktoba wakishuka mjini kwa gari la kukodi. Shida yao haikuwa uchache wa fedha. Fedha ya miezi kumi na miwili iliingia kwa siku moja, nao wakaitumia kana kwamba kila mwezi utaleta nyingine kama hiyo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya benki kufika. Katika ngwatio watu walilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na nguvu ya siku moja ya kila mtu iliwekwa akiba katika mgongo wa jirani yake. Miaka ya 1960, mara baada ya Uhuru, akina mama wa Nyeri waliichukua desturi hiyo wakaigeuza kuwa ya fedha. Ndivyo vilivyoanza vyama vya mabati. Kila mama alitoa kiasi kile kile, na michango ya wote ilipotosha, nyumba ya mmoja ilivuliwa nyasi ikaezekwa bati. Kisha wakahamia kwa wa pili, na wa tatu, hadi kijiji kizima kikang'aa. Watu wengine walidhani ni maringo. Kumbe mwenye bati aliweza kukinga maji ya mvua, na kila pipa lililojaa chini ya paa lilimpunguzia mama safari za mtoni na mtungi mgongoni.

Twawaomba ndugu wanachama wautazame ule mpango kwa makini, kwa kuwa akina mama wale hawakuwa na katiba ya kuchapishwa wala mkaguzi wa hesabu. Fedha haikulala kwa mtu, ila siku ile ile iliyokusanywa iligeuka bati. Kila mmoja alijua ni nani aliyetoa na ni nani aliyechelewa, kwa sababu waliteka maji mto mmoja. Wala hakuna aliyeahidiwa kupata zaidi ya alichotoa. Mama aliyetoa fedha ya paa moja alipata paa moja. Asiyelielewa jambo hilo la mwisho hatayaelewa yale tutakayoyasema baadaye.

Hata hivyo, chama cha zamu hakitoshi kwa kila haja, maana ugonjwa haungoji zamu. Kwa hiyo wako wanaoamua kuificha fedha nyumbani. Tunao wazee, nasi twawaheshimu, ambao hadi leo huamini kwamba fedha iliyo salama ni ile ambayo mwenyewe aweza kuigusa usiku. Tarehe 1 Juni mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazitakuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba. Watu walipewa miezi minne. Muda ulipokwisha, noti zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7 zilikuwa hazijarudishwa. Bila shaka baadhi yake zilikuwa za watu waliokuwa na sababu ya kuogopa maswali. Lakini tunamjua bibi mmoja wa upande wa Tetu aliyezikuta za marehemu mumewe ndani ya mtungi mwezi wa Novemba, zikiwa zimekunjwa vizuri katika kitambaa, na hakuna dirisha lolote la benki lililoweza kumsaidia. Husemwa kwamba akiba haiozi. Ya nafaka labda, ikitiwa dawa. Ya noti huoza hata bila tangazo la Benki Kuu, kwa kuwa bei ya unga hupanda, nayo noti hubaki na maandishi yale yale.

Posta ilianza kuwawekea watu akiba katika nchi hii mwaka 1910, na wako kati yetu waliorithi vile vitabu vidogo kutoka kwa baba zao. Leo benki ziko kila mji, Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru. Mojawapo iliyo kubwa kabisa ilianza hapa kwetu milimani: Equity iliasisiwa mwaka 1984 kama chama cha ujenzi huko Kangema, Murang'a. Mwaka 1993 ilihesabiwa kuwa imefilisika kwa hesabu ya vitabu, kisha ikajikokota, ikapata leseni ya benki mwaka 2004, na kuingia Soko la Hisa mwaka 2006. Twaitaja kwa sababu mbili. Ilikua kwa kupokea akiba ndogo za wakulima na wachuuzi. Na yatuonyesha kwamba nyumba ya fedha yaweza kuyumba hata kama bango lake lapendeza. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2015, na Chase mwaka 2016. Ndiyo maana kuna Shirika la Bima ya Amana, ambalo benki ikianguka humlipa mwenye akiba. Kiasi cha juu kilikuwa shilingi 100,000, na tangu mwaka 2020 kikawa 500,000. Akiba ya Chama chetu iliyoko benki haijavuka kiasi hicho. Tafadhali mlikumbuke hilo wakati wa kura.

Sasa tuje kwa vyama vya akiba na mikopo, ambavyo wengi wetu tumo. Vingi vya hapa mlimani vilizaliwa katika vyama vya wakulima wa kahawa na chai, au vya walimu, ndipo vikafungua milango kwa watu wote. Ndani ya chama cha namna hii mwanachama huwa na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna hisa, ambazo ni sehemu yake ya umilikaji; hizo hawezi kuzitoa, aweza tu kumwuzia mwanachama mwingine. Na kuna amana, ambayo hukua mwezi kwa mwezi na ndiyo humpa haki ya kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya kiasi alichoweka.

Twende polepole katika hesabu ya mkopo, kwa maana hapa ndipo fedha ya watu wadogo huvuja zaidi. Mtu akikopa shilingi 10,000 katika chama kinachotoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki, akalipa deni lake kwa mafungu sawa miezi kumi na miwili, riba yote itakuwa shilingi 650. Sasa mchukueni mwingine anayekopa 10,000 hizo hizo kwa simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa dharura ya mwezi mmoja, shilingi 750 si neno; mtoto akiugua usiku hakuna halmashauri ya mikopo inayokaa. Lakini akilipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha atakuwa ametoa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado anadaiwa. Simu haina kosa. Ubaya ni kuishi kwa mkopo uliowekwa kwa ajili ya usiku mmoja.

Kuna jambo moja juu ya vyama hivi ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha, nalo ni udhamini. Mwanachama anapotia sahihi yake chini ya mkopo wa rafiki, hatoi ushahidi wa tabia njema tu. Ameifunga amana yake mwenyewe hadi deni lile liishe, na rafiki akishindwa, fedha hukatwa kwake. Tumeyaona machozi ya watu wazima kwa ajili ya sahihi iliyotiwa kwa haraka nje ya hoteli, kikombe cha chai kikiwa mkono wa pili. Mtu akiombwa kudhamini, yafaa aulize kana kwamba ndiye anayetoa fedha kutoka mfukoni. Ajibuye kwa hasira, huyo amekwisha kujibu.

Wala tusidanganyane kwamba neno ushirika ni kinga. Sheria ya vyama vya akiba na mikopo ilipitishwa mwaka 2008, na mamlaka inayoitwa SASRA hutoa kila mwaka orodha ya vyama vilivyopewa leseni. Ni kazi ya dakika chache kuitafuta orodha hiyo, na bado watu hupeleka fedha mahali ambapo jina lake halimo. Hata walio ndani ya sheria wahitaji kuangaliwa: mwaka 2025 ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, ule muungano wa vyama vyenyewe, ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 hazikuwa mahali zilipopaswa kuwa, na vyama vilivyokuwa vimeweka fedha huko viliguswa. Kwa hiyo mtu akikaa nyuma ya mkutano mkuu akisinzia hadi gawio litangazwe, ajue kwamba anasinzia juu ya fedha yake.

Juu ya hisa za makampuni tutasema kwa ufupi. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, nalo halikuwa la Mwafrika hadi Uhuru ulipopatikana. Mwaka 2008 serikali ilipouza sehemu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa, watu zaidi ya 800,000 walinunua, na foleni katika miji yetu zilipinda kona. Wengi walipewa sehemu tu ya walizoomba, na bei ikashuka. Kwa muda ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa akiba yake alikasirika, akaendelea na kazi yake. Mwaka 2021 hisa ile ile iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 40, ingawa baadaye ilishuka tena sana. Aliyenunua kwa fedha ya mkopo hakupata nafasi ya kungoja. Mdai alibisha hodi, naye akauza kwa hasara. Hisa ilikuwa moja, bei moja, siku moja. Tofauti ilikuwa ni fedha ya nani. Kwa asiyependa kupanda na kushuka ziko hati za dhamana za serikali, ambazo huanzia shilingi 50,000. Mwaka 2017 serikali ilijaribu pia ile ya M-Akiba, ya kununuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka.

Asilimia 10 kwa mwaka, ndugu zetu. Hiyo ndiyo serikali, yenye kutoza kodi nchi nzima, iliyoahidi mwenye akiba. Wakala wetu anaahidi 20 kwa mwezi.

Tumeifanya hesabu hiyo kwa kalamu, na Mweka Hazina ameikagua. Shilingi 100,000 ikiongezwa asilimia 20 kila mwezi, na faida ikiachwa ndani, mwaka mmoja ukiisha itakuwa zaidi ya 891,000. Mwaka wa pili ukiisha, karibu milioni 8. Tujiulize ni shamba gani la chai, ni matatu ipi ya Nyeri na Nanyuki, ni duka lipi, lizaalo hivyo. Halipo. Basi fedha ya kumlipa wa kwanza yatoka wapi, kama si mfukoni mwa wa pili? Na wa pili atalipwa na wa tatu, hadi siku ambayo mlango hautabishwa na mtu mpya.

Hatusemi hayo kutoka vitabuni. Mwaka 2007, wakati michezo ya namna hii ilipoenea nchini, tulikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni. Mama yetu aliuza ng'ombe wa maziwa, akachukua na karo ya muhula wa pili, akapeleka fedha hizo katika ofisi moja ya ghorofani katika mji mmoja wa hapa mlimani. Hakuwa mjinga. Jirani yake alikuwa amelipwa, tena mbele ya macho yake. Na yeye mwenyewe alilipwa mwezi wa kwanza, kwa fedha taslimu na bahasha nyeupe, akatununulia viatu. Mwezi wa pili alilipwa nusu, akaombwa radhi kwa adabu sana. Mwezi wa tatu alikuta kufuli jipya mlangoni na watu wameketi juu ya ngazi, wengine wakiwa bado wameshika risiti. Tume iliyoongozwa na Bwana Francis Nyenze ilipochunguza mambo hayo nchini, iliona kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Mama yetu ni mmoja wa hesabu hiyo.

Tulirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Juma la pili chama cha zamu cha akina mama kumi na mmoja kilikutana kwetu. Zamu ya siku ile haikuwa ya mama; ilikuwa ya mwenzake aliyekuwa akingojea kununua tangi la maji. Mwenzake huyo alizihesabu fedha mbele ya wote, akazisukuma upande wa pili wa meza, akasema tangi litangoja. Lilingoja miezi kumi. Tulirudi shuleni Jumatatu. Mama huyo ameketi hapa leo, safu ya tatu, na ametukataza kabisa kutaja jina lake.

Ndugu zetu watatu walioleta ombi hawakulileta kwa nia mbaya. Mmoja wao amekwisha kulipwa na wakala mara mbili, na ameahidi kutuonyesha karatasi. Tunamwamini kwamba amelipwa. Mama yetu pia alilipwa.

Shauri la Halmashauri ni kwamba akiba ya mazishi ibaki benki, mahali inapoweza kutolewa siku ile ile msiba unapotokea, kwa sahihi tatu kama ilivyo sasa. Na kwamba ile ya karo, ambayo haihitajiwi kabla ya Januari, iwekwe kwa muda maalumu, ama benki ama katika chama kilichomo katika orodha ya mwaka huu, baada ya Halmashauri kusoma hesabu zake zilizokaguliwa. Faida itakuwa ndogo. Nakala za hesabu hizo ziko mezani kwa yeyote atakaye kuzisoma wakati wa chai.

Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya chai hiyo. Kabla yake ndugu zetu watatu wana haki ya kutujibu, nasi tumewawekea viti hapa mbele. Daftari la michango limefunguliwa upande wa Mweka Hazina, na wale ambao hawajamaliza ya mwezi wa Machi wanajijua.